Maana ya Ziwa la Machimbo

Ziwa la machimbo ni ziwa linaloundwa kwa makusudi katika shimo kubwa lililoachwa baada ya madini kuchimbwa, mara nyingi makaa ya mawe, kisha kingo zake zikatengenezwa ili watu waogelee, waendeshe mashua na kupumzika. Hapa Lamu makaa ya mawe tuliyajadili kwa miaka mingi kwa sababu ya mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa tarehe 26 Juni 2019. Mjadala huo ulihusu zaidi moshi, majivu na uvuvi, na ni haki ulivyokuwa. Lakini shimo yanakotoka makaa hayo nalo lina historia yake, tena ndefu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Lausitz, mashariki mwa Ujerumani. Ili kuyafikia makaa, wachimbaji waliondoa tabaka zote za udongo zilizoyafunika na wakapampu maji ya ardhini kwa miongo mingi, ili shimo lisifurike. Zaidi ya vijiji 100 viliondolewa, vingi vikiwa vya Wasorbi, jamii ndogo yenye lugha yake, na jambo hilo halifai kusahauliwa na anayeota jua ufukweni huko leo.

Pampu zinapozimwa, maji hurudi yenyewe, ila hurudi polepole na yakiwa yameharibika. Udongo uliofukuliwa huwa na pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo ikikutana na hewa na maji huzaa tindikali kali ambamo samaki hawawezi kuishi. Ndiyo maana wahandisi huelekeza maji ya mito shimoni, ili lijae upesi na tindikali izimuliwe, na panapobaki ukali, mashua maalumu hunyunyiza chokaa ziwani. Watu wa Lamu, ambao kuta za nyumba zao zimepakwa chokaa iliyochomwa kwa mawe ya matumbawe, wataitambua dawa hiyo mara moja.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye kingo. Udongo uliomwagwa ovyo wakati wa kuchimba, ukilowa maji, unaweza kuteleza ghafla kama uji, hivyo hulazimika kushindiliwa kabla ya mtu kuruhusiwa kukanyaga. Tarehe 18 Julai 2009, huko Nachterstedt, kijiji kingine cha mashariki mwa Ujerumani nje ya Lausitz, ukingo wa ziwa lililokuwa likijazwa uliporomoka pamoja na nyumba, na watu watatu wakafariki.

Kazi hii inapofanikiwa, matokeo yake ni makubwa kweli. Ziwa la Senftenberg, lenye takriban hekta 1,300, lilijazwa kati ya mwaka 1967 na 1972, na ufuo wake ukafunguliwa kwa waogeleaji mwaka 1973. Geiseltalsee, ziwa jingine la machimbo nchini humo, lilichukua miaka minane kujaa, kutoka 2003 hadi 2011. Gharama, ambazo ni mabilioni ya euro, zimelipwa kwa sehemu kubwa na serikali, yaani na walipa kodi, kwa kuwa migodi mingi ilikuwa mali ya dola ya Ujerumani Mashariki iliyokoma mwaka 1990.

Si lazima kila shimo liwe ziwa. Bamburi, karibu na Mombasa, timbo la mawe ya saruji lilianza kurejeshewa uhai mwaka 1971 chini ya René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Mwamba ulikuwa mtupu na maji yake yana chumvi. Miche ya aina mbalimbali ilijaribiwa, na mvinje ukashamiri. Majani yake makavu hayakuoza kwa urahisi, mpaka wakaletwa jongoo, ambao huyala na kuyageuza kuwa mboji. Leo pana msitu, mabwawa na wanyama.

Kwa matimbo ya kisiwa cha Manda, yanakotoka mawe ya kujengea ya Lamu, naona njia ya Bamburi ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu maji ya chini ya Manda yana chumvi na mwamba wake ni wa matumbawe yenye vinyweleo, usioweza kushika ziwa la maji matamu. Mpango wa kupanda miti, pamoja na fedha zake, unapaswa kukubaliwa kabla ya jiwe la kwanza kukatwa, wakati mchimbaji bado anahitaji kibali.