Zixu wuyou: Bwana Maneno Matupu na Bwana Iwepo Wapi

Mchina aliyezushiwa jambo, akitaka kulikana bila kubakiza mlango wazi, atasema habari hiyo ni zixu wuyou (子虚乌有). Ni msemo wa silabi nne, kama ilivyo misemo mingi ya Kichina, na maana yake ni kitu kilichobuniwa tu, hakipo na hakijawahi kuwepo. Sisi tungesema uzushi mtupu.

Atakayeutafuta kwenye kamusi herufi kwa herufi atakwama kwenye wu, maana kwa kawaida hiyo ni kunguru. Hapa kunguru hayumo. Katika Kichina cha kale herufi hiyo ilitumika pia kuulizia, kama "wapi!" yetu ya kubisha. Wuyou ni "iwepo wapi!" Na zixu ni maneno matupu.

Kumbe yote mawili ni majina ya watu. Aliyewabuni ni Sima Xiangru, mshairi wa enzi ya Han, karne ya 2 KK. Katika utungo wake, Zixu ni mjumbe wa dola la Chu aliyetumwa Qi. Anajigamba kwamba Chu ina mabwawa saba, yeye ameona moja tu, tena dogo kuliko yote, nalo lina li 900 kila upande (li ni kama mita 400). Wuyou wa Qi hakubali kushindwa: nchi yetu, anasema, ingemeza manane au tisa ya namna hiyo na isihisi hata kijiba kifuani. Majigambo ya kijiweni hasa, ila kwa lugha ya ikulu.

Mfalme Wu wa Han alipousoma utungo huo alisikitika kwamba hakuishi zama moja na mtunzi, akidhani ni marehemu. Mtunza mbwa wake, Yang Deyi, akamwambia: huyo ni mtu wa kwetu, na anasema ameutunga yeye. Sima akaitwa ikulu. Alipofika alisema hayo yalikuwa mambo ya watawala wadogo tu, akaomba atunge kuhusu mawindo ya mfalme mwenyewe.

Hapo ndipo anaposikika mhusika wa tatu, Wushi Gong, yaani Mzee Hakuna Mtu Huyo. Anaisifia bustani ya mfalme ya Shanglin kwa kirefu mpaka wenzake wote wawili wananywea. Kwenye msemo, hata hivyo, hakupewa nafasi.