Diski ya Seva Ikiharibika, Usianze na fsck

Simu nyingi zinazofika kitengo chetu cha mifumo huanza hivi: "Tovuti ilikuwa inafunguka, ila mtu akijaribu kujisajili inagoma. Tukazima seva, tukawasha, mara tatu. Sasa haiwaki kabisa." Natamani wangepiga kabla ya ile kuzima ya kwanza.

Kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika na seva nyingi za Linux, pamoja na data zipo orodha zinazosema kila kipande kimekaa wapi. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikikuta orodha zinapingana, mara nyingi huigeuza diski iwe ya kusomeka tu. Kurasa zitafunguka, kuandika kutashindikana. Hapo seva inajikinga, na huo ndio wakati mzuri wa kuhamisha data zako nje. Ukiizima, itakapowaka itakagua diski. Ikikuta uharibifu mkubwa itasimama kwenye hali ya dharura, ikisubiri nywila ya root (msimamizi mkuu wa seva) ambayo pengine haikuwahi kuwekwa. Nawe uko Dodoma, seva iko Frankfurt, na SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali, bado haijaamka.

Kwa hiyo soma kwanza. Endesha dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Mistari ya "EXT4-fs error" inaonyesha orodha zimevurugika. Mistari ya "I/O error" ni habari nyingine: hifadhi iliyo chini ya diski yako haijibu, na hapo mtafute mtoa huduma anayekukodishia seva kabla hujagusa chochote. Angalia pia df -h (nafasi iliyobaki) na df -i (idadi ya mafaili yanayoweza kuongezwa), maana diski iliyojaa huleta vurugu zinazofanana na ugonjwa. Na seva isiyowaka huenda haina uharibifu wowote: mtu aliondoa diski ya ziada akasahau mstari wake ndani ya /etc/fstab, orodha ya diski ambazo seva huzifungua inapowaka. Neno nofail kwenye mstari huo, linaloiruhusu seva kuwaka hata diski ikikosekana, lingeepusha usumbufu wote.

Ikithibitika ni uharibifu, piga snapshoti (nakala ya papo hapo) ya diski kama ilivyo, na ubovu wake. Hatua hii ndiyo watu huiruka kwa haraka, nami ndiyo ninayoing'ang'ania kuliko zote. Kazi ya fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, ni kuzifanya orodha zikubaliane. Kurudisha kazi yako si jukumu lake. Faili lisilojulikana lilitoka folda gani hutupwa ndani ya lost+found likiwa na jina kama #131074. Niliwahi kukaa usiku kucha mbele ya folda ya namna hiyo, nikifungua namba moja baada ya nyingine kwa amri ya file nijue ipi ni picha na ipi ni jedwali la kanzidata. Snapshoti haikuwepo.

Kutoka kwenye snapshoti tengeneza diski mpya, iunganishe na seva nyingine iliyo nzima, wala usiipachike (mount), yaani usiifungue kwa matumizi. Endesha e2fsck -n (e2fsck ndiyo fsck ya ext4): itakagua na kuonyesha matatizo bila kurekebisha chochote. Ukiridhika, ndipo e2fsck -f -y. Ikilalamika kwamba superblock (bloku yenye maelezo makuu ya mfumo wa mafaili) haisomeki, zipo nakala zake. Kwenye diski yenye bloku za baiti 4096, ya kwanza huwa bloku 32768, na amri ni e2fsck -b 32768. Diski iliyopachikwa usiirekebishe kamwe.

Kwa XFS, mfumo mwingine wa mafaili, fsck haifanyi lolote. Chombo chake ni xfs_repair. Kikikataa kwa sababu daftari la miamala (kumbukumbu ya mabadiliko yasiyokamilishwa) bado lina kazi, pachika diski kisha uiondoe, daftari lijimalize lenyewe. Chaguo la -L hulitupa daftari hilo pamoja na mabadiliko ya mwisho, kwa hiyo liwe la mwisho kabisa.

Uharibifu wenyewe hutoka wapi? Seva mwenyeji, yaani mashine halisi inayobeba seva yako, kuanguka ghafla, au diski kung'olewa kwa nguvu ikiwa bado inaandikwa. Kisa kinachonikera zaidi ni diski moja ya ext4 kuunganishwa na seva mbili zikiandika kwa pamoja. Ni makarani wawili wenye leja moja, kila mmoja akiamini hesabu iliyo kichwani mwake.

Tovuti ikisharudi, diski ya zamani usiifute siku hiyohiyo. Ilipie wiki mbili zaidi; mhasibu huwa anakumbuka faili lililopotea mwisho wa mwezi.