Pembe za propela kwenye gari la springi za majani: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Propela ikinyooka kama rula, kazi imekwisha.” Nimeisikia kauli hii kuhusu propela, mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma), kwenye gereji za Mtwara mjini na hata Masasi, tena kwa mafundi ninaowaheshimu. Si kweli. Shika krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha ya propela, iliyokaa muda mrefu kwenye mstari mnyoofu kabisa, ioshe kwa petroli, pitisha ukucha: utakwama kwenye vijifereji vyembamba. Beringi zake za sindano huhitaji pembe ndogo, walau nusu nyuzi hadi nyuzi moja, ili zibiringike. Zisipobiringika hugonga palepale mpaka chuma kinaliwa.

Dhana ya pili ndiyo inayowachanganya vijana wanaotazama video za mashindano ya dragi ya Marekani, yale ya mbio za mita 402 kwa mstari mnyoofu. Wanaona pua ya difu, yaani ncha yake ya mbele inayopokea propela, imeinamishwa chini, wanasema fundi wa kule amekosea. Hajakosea. Gari linapochomoka, tairi zimeng'ang'ania lami, ekseli inajizungusha kinyume na tairi na pua ya difu inapanda. Springi za majani, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndizo zinazoishikilia ekseli hiyo, nazo ni chuma kinachopinda: zinajikunja mfano wa herufi S. Kwa hiyo pua huinamishwa mapema, wengi wakianzia nyuzi 5 hadi 7 dhidi ya propela, ili nguvu ikishafika pembe ibaki ndogo. Gari lenye mikono imara ya kuzuia ekseli isijizungushe huhitaji pungufu ya hapo. Na pickup ya kubebea korosho usiiwekee nyuzi 7. Barabarani pembe kubwa kiasi hicho itakutetemesha safari nzima.

Sababu ya mtetemo huo inafaa kueleweka. Krosi ikiwa kwenye pembe haizungushi sawasawa: kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwenye nyuzi 10 mwendo hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 1.5, ilhali kwenye nyuzi 3 ni chini ya asilimia 0.2. Krosi ya nyuma hufuta kosa la ile ya mbele, mradi pembe zao zilingane na yoki za propela (uma zinazoshika krosi kila mwisho) zikae kwenye mstari mmoja. Mimi niliwahi kuchomoa propela bila kuitia alama, nikairudisha ikiwa imeruka jino moja kwenye meno ya kuungia, yoki zikapishana. Mteja alirudi siku ileile, usukani unamtetemeka mkononi. Tangu hapo chaki haitoki mfukoni mwangu.

“Nyanyua gari jeki, pima.” Hapana! Ukilinyanyua kwa chesisi, ekseli inaning'inia na springi zinalegea. Unapima pembe ambayo gari halitaitumia kamwe. Lisimamishe kwa tairi zake, sakafu iwe bapa, upepo wa tairi uwe sawa, na uzito wa kawaida uwe ndani. Gari linalobeba magunia kutoka Newala lipime tupu, kisha lipime na mzigo, maana mzigo ukilalisha springi propela nayo hubadili mteremko.

Hesabu nayo ina mtego. Propela ikiteremka kuelekea nyuma nyuzi 2, na pua ikainama chini nyuzi 3, krosi ya nyuma iko kwenye nyuzi 5: unajumlisha. Pua ikitazama juu nyuzi 3, unatoa, inabaki nyuzi 1. Hapo wengi huteleza.

Wapo wanaosema mtetemo wowote ni balansi, yaani uzito wa propela kutolingana pande zote. Balansi mbovu hutikisa mara moja kwa mzunguko na huzidi mwendo ukipanda. Pembe mbovu hutikisa mara mbili, na mara nyingi utaisikia unapokanyaga mafuta kuanza kuondoka. Usilipe balansi kabla hujapima pembe, hasa kama gari limeinuliwa kwa vipande vya chuma chini ya springi.

Pua hurekebishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli. Springi ikiwa juu ya ekseli, upande mnene ukitazama mbele pua inashuka. Ikiwa chini ya ekseli, geuza. Chagua kabari ya chuma, kwani za alumini huvunjika, na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zikaze upya baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.