Mkoba wa kazi wa kidijitali: una mwenyewe au ni kabati la mwalimu?

Juzi mwalimu mwenzangu kaniuliza tukiwa kwenye daladala ya Igoma hapa Mwanza, hivi hii potifolio ya kidijitali inayotajwa kila semina ni nini hasa, si folda tu ya Google Drive mnaipa jina kubwa? Nikamwambia folda inaweza ikawa potifolio na inaweza isiwe, inategemea nani kachagua vilivyomo ndani.

Mi nalipenda zaidi jina la mkoba wa kazi maana lenyewe linajieleza. Mkoba una mwenyewe. Ukikuta mkoba kwenye siti unauliza huu wa nani, hufungui tu na kuanza kupekua, na mwenye mkoba ndo anajua kwa nini kabeba hiki na kile kakiacha nyumbani. Sasa weka kazi za mwanafunzi humo, picha, video, insha, sauti aliyojirekodi, halafu aseme mwenyewe kwa nini kaziweka. Hiyo ndo dhana yenyewe. Kukusanya kila kitu ni stoo, kuchagua na kueleza sababu ndo kunaifanya iwe mkoba, na hapo kwenye kuchagua ndipo walimu wengi tunapoharibu, nikiwemo mimi.

Nilikuwa na binti kidato cha tatu, kwao Igombe wanaishi kwa dagaa. Kazi yake ya mradi ilikuwa kulinganisha dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja, kilo moja huku kilo moja kule, anapima uzito kila jioni na kupiga picha kwa simu ya mama yake. Siku ya pili mvua ikashuka, ile ya ziwani isiyopiga hodi. Akakimbia na turubai akafunika wa kwenye chanja, wa mchangani wakalowa wakajaa tope, kesho yake harufu usiseme. Baadaye akarudia jaribio lote wiki ya jua, likatoka safi, jedwali limenyooka, picha zinang'aa.

Mi kama mwalimu nikamwambia weka hili la pili, lile la mvua futa linachafua. Akagoma, kwa adabu lakini akagoma. Akaweka ile picha ya tope mwanzo kabisa na chini yake akarekodi sauti kama dakika mbili hivi, anaeleza kwamba alifunika upande mmoja akasahau mwingine, kwa hiyo jaribio halikuwa la haki, huwezi kusema chanja imeshinda wakati umeipa mwavuli mwenzake umemwacha anyeshewe. Yaani kipimo cha haki mi nimekifundisha ubaoni miaka na miaka na hakuna aliyewahi kunieleza vizuri hivyo. Ningemfutia picha ile ningefuta somo lote, nikabaki na jedwali zuri.

Sasa usielewe vibaya, uchaguzi siyo kila mtu aweke anachotaka, atakujazia selfi za Jiwe la Bismarck, lile la pale ziwani. Mwalimu anaweka mipaka: nataka kazi moja yenye vipimo, moja uliyoirudia baada ya kukosea, moja unayojivunia. Ipi hasa, hiyo juu yako, na uiweke kwa video au maandishi au sauti, nayo juu yako. Na unaposahihisha, alama nyingi zipeleke kwenye maelezo ya kwa nini umechagua hii, maana ukitoa alama kwa unadhifu tu watoto wataanza kuficha tope, na watajifunza haraka sana kuficha.

Halafu kuna umiliki wa kawaida kabisa, wa akaunti na paswedi, huu watu hawaufikirii. Shule zetu simu kwa mwanafunzi ni marufuku, kompyuta za maabara ni chache, kwa hiyo kinachotokea mwalimu anafungua akaunti moja ya darasa zima, paswedi anayo yeye, watoto arobaini wanarundika kazi humo. Mwalimu akihama kituo kazi zote zimehama naye. Nishaona pia chuo kimoja, sikitaji, kilichowapa wanafunzi barua pepe za chuo wakaweka miradi yao ya miaka mitatu huko, walipomaliza akaunti zikafungwa na kila kitu kikaenda. Google wana huduma inaitwa Takeout ya kupakua vitu vyako vyote, lakini lazima uvipakue ukiwa bado unaweza kuingia, na kwenye akaunti za shule msimamizi anaweza kuwa kaizima.

Wenzetu walishaliona hili. New Zealand mwaka 2006 walianza kutengeneza programu huria inaitwa Mahara, ni neno la Kimaori la kuwaza (usilichanganye na mahari), na humo mwanafunzi ndo anapanga ukurasa wake na kuamua nani auone, mwalimu anaona alichoonyeshwa. Marekani, chuo kikuu cha Mary Washington kikaenda mbali zaidi, wanafunzi wanapewa anwani yao wenyewe ya tovuti, na akimaliza anaweza kuondoka nayo. Siyo lazima tufike huko na bando hizi, ila hoja ni ileile, mkoba uondoke na mwenyewe.

Na nani aone, hilo nalo ni la mwenye mkoba, pamoja na mzazi wake maana ni mtoto. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo picha ya mtoto na jina lake kamili siyo vya kurusha tu kwenye grupu la WhatsApp la wazazi eti kuonyesha shule inavyofanya vizuri. Muulize kwanza. Akisema hapana, basi hapana.

Yule binti wa Igombe tulimpangia hivi: kazi anaweka kwenye kompyuta ya maabara, kwenye folda yake yenye paswedi yake, na kila mwisho wa mwezi anahamishia kwenye flashi ya GB 8 aliyonunuliwa na mjomba. Flashi anaiweka kwenye mkebe pamoja na bikari, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni isiingie maji. Siku moja nilimwomba niikague nyumbani kwangu wikiendi. Akasema mwalimu nitakuletea Jumatatu nikufungulie mwenyewe.