Bati la pwani: uliza gramu za zinki, si geji peke yake

Anayenunua bati Kigamboni, Likoni au Bagamoyo huuliza geji, rangi na bei. Geji ni unene wa bati tu. Haikuambii lolote kuhusu tabaka linalokinga chuma na kutu. Mabati mawili ya geji 28 yanaweza kupangwa dukani pamoja, moja likiwa na zinki karibu mara tatu ya jingine, na kwa macho usijue lipi ni lipi.

Tabaka hilo hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Z275 ni gramu 275 za zinki, yaani maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) kama 20 kila upande. Z100 ni maikroni 7 tu. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 9223, kinachopanga hewa kwa madaraja ya ukali wake wa kula chuma, mahali penye chumvi nyingi hewani, daraja la C5, zinki hulika maikroni 4.2 hadi 8.4 katika mwaka wa kwanza. Kwa kasi hiyo Z100 inakwisha kabla ya miaka miwili. Bara kwenye hewa kavu, daraja la C2, kasi haizidi maikroni 0.7, na bati hilohilo linafika miaka kumi na kupita.

Maabara, kipimo kinachofundisha zaidi ni cha mkwaruzo. Vipande vya chuma vyenye mipako tofauti huchanwa alama ya X hadi chuma kionekane, kisha huwekwa kwenye chemba inayopuliza ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5, kwa joto la nyuzi 35. Kipande kilichopakwa rangi juu ya chuma kitupu huanza kuvimba kando ya mkwaruzo. Ukichokoa kwa ncha ya kisu, rangi inabanduka na chini yake kutu imeshatambaa mbali. Kwenye kipande chenye zinki unakuta unga mweupe, na chuma ndani ya mkwaruzo bado ni kijivu: zinki imekubali kuliwa badala ya chuma. Rangi haina uwezo huo. Ikishatoboka, imekwisha kazi mahali pale.

Hata hivyo, tangazo likikuambia bati limestahimili saa 1,000 za chemba, usizigeuze kuwa miaka. Chemba hailiachi bati likauke. Juani, bati likilowa na kukauka, zinki hushirikiana na hewa ya ukaa kujenga ganda gumu linalopunguza kasi ya kulika. Kwa hiyo chemba huipunja zinki, na ukiitumia kulinganisha zinki na rangi unaweza kupata jibu la kupotosha.

Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, mimi ningechagua aluzinki ya AZ150, yaani gramu 150 za mpako kwa kila mita ya mraba, yenye rangi ya kiwandani juu yake. Mpako wa aluzinki ni alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6 kwa uzito. Mara nyingi hudumu mara mbili hadi nne ya zinki tupu yenye unene uleule, ingawa kwenye kingo zilizokatwa kinga yake ni ndogo kuliko ya zinki. Rangi nayo huzuia chumvi isifikie mpako mapema, na palipokwaruzwa mpako unazuia kutu isitambae chini ya rangi.

Aluzinki ina maadui wake. Simenti mbichi huila alumini, kwa hiyo fundi asiizike ukingo wake kwenye zege. Mabanda ya kuku na ng'ombe, yenye amonia nyingi, yaezekwe kwa bati la zinki. Na bati la aina yoyote likatwe kwa mkasi wa bati. Cheche za grinda huunguza mpako na kuacha chembe za chuma zinazoota kutu baada ya mvua ya kwanza. Kama grinda imeshatumika, chembe hizo zifagiliwe siku hiyohiyo.