Takeria ni nini?

Takeria ni mahali pa kula tako huko Meksiko: tortiya, yaani kichapati chembamba cha mahindi, iliyowekewa nyama juu. Inaweza kuwa toroli kando ya barabara au ukumbi mkubwa wenye wahudumu. Ukubwa si hoja. Takeria hujulikana kwa namna yake ya kulisha watu: tako huja haijakamilika, na mlaji ndiye anayeimalizia.

Kwanza tortiya, maana bila hiyo hakuna tako. Ukikanda sembe kwa maji ukajaribu kuisukuma iwe chapati, itakupasukia. Wameksiko huchemsha mahindi makavu katika maji yenye chokaa, huyaacha yalale humo usiku kucha, huyaosha maganda yatoke, ndipo huyasaga yangali na unyevu. Utaratibu huo, ambao mahindi yaliyoandaliwa hivyo huitwa nikstamali, ulikuwepo karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Chokaa hufanya donge lishikane, tena huifungua vitamini B3 iliyomo kwenye mahindi ili mwili uipate. Mahindi yalipovushwa kwenda Ulaya, ujuzi huo haukwenda nayo, na maskini wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa mahindi matupu wakaandamwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Huku kwetu nayo yalikuja bila chokaa. Kilichotusaidia ni maharage, dagaa na mboga pembeni ya ugali.

Nyama maarufu kuliko zote jijini Mexico City ni al pastor, na mtu wa Mombasa au Muscat ataitambua kwa kuitazama tu. Minofu hupangwa kwenye chuma kilichosimama, ikazunguka mbele ya moto, na mpishi hukata vipande vyembamba kutoka pembeni. Ni shawarma. Wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi jirani waliileta Meksiko mwanzoni mwa karne ya 20, hasa mjini Puebla. Kondoo akaachwa, akaingia nguruwe aliyelowekwa kwenye pilipili kavu na mbegu nyekundu za achiote, na juu ya chuma pakawekwa nanasi. Mpishi hodari hulikata nanasi kwa kisu, kipande kikaruka na kutua kwenye tako aliyoishika kwa mkono wa pili. Maonyesho, ndiyo, lakini nanasi lina kazi yake: ukali wake unapunguza mafuta.

Wapo pia wanaouza nyama ya kichwa cha ng'ombe, ulimi, utumbo, hata macho.

Kuagiza ni rahisi: taja nyama na idadi. Tako ni ndogo, watu huanza na tatu au nne, kisha huongeza. Utaulizwa kama unataka “con todo”, yaani na vitunguu na giligilani. Ukikubali, sahani itakuja, mara nyingi ya plastiki iliyovishwa mfuko wa nailoni ili kusiwe na kuosha kila mara. Hapo sasa zamu ni yako. Mezani kuna ndimu zilizokatwa na bakuli za salsa, yaani mchuzi wa pilipili, ya kijani na nyekundu. Usidhani ya kijani ni ya upole. Mara nyingi ndiyo inayochoma zaidi. Onja tone kwanza. Uma hautakiwi. Unainama kidogo mbele ili mchuzi udondoke kwenye sahani, si kwenye shati. Malipo hufuata baadaye, na kwenye vibanda vingi muuzaji hukuuliza umekula ngapi, akaamini jibu lako.

Unyenyekevu huo hauzuii heshima. Mwaka 2024 El Califa de León, kibanda kidogo cha mtaa wa San Rafael jijini Mexico City kilichofunguliwa 1968 na chenye aina nne tu za tako, kilipewa nyota ya Michelin, tuzo ya heshima kubwa kwa migahawa.

Migahawa mingi ya Kimeksiko huko Marekani ni jambo jingine. Kikapu cha chipsi za mahindi kabla ya kuagiza, tako ngumu inayovunjika, jibini ya njano juu: hayo ni mapishi ya mpakani, hasa Texas. Matamu kwa namna yake, ila usiyatafute kwenye takeria ya Mexico City.

Kwa asiyekula nguruwe, kuuliza “ni nyama gani?” hakutoshi. Uliza na mafuta. Nyama ya ng'ombe na hata maharage ya kupondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.