Mtoto kibonge si lazima awe na afya

Mbeya na Iringa, wengi huamini kwamba mtoto kibonge ndiye aliyeshiba vizuri na baridi haimpati, na kwamba unene utaisha wenyewe akianza shule. Imani hiyo ina chimbuko: zamani wembamba uliashiria njaa au maradhi, na shuleni mtoto alikwenda kwa miguu.

Anayepelekwa kwa bajaji kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, jijini Mbeya, kisha akashinda kwenye runinga, hatumii chote alichokula. Ziada hugeuka mafuta, na mara nyingi humfuata hadi ukubwani. Wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka aheme. Rede, mpira, kuteka maji, vyote vinahesabika, hata kwa vipindi. Mvua ikishika, kamba barazani inatosha.

Ila michezo haifuti soda. Soma lebo, gawa gramu za sukari kwa 4, utapata vijiko vya chai: gramu 32 ni vijiko 8!

Macho hudanganya, hasa juu ya masweta mawili. Apimwe uzito na kimo, bila viatu wala sweta, namba zilinganishwe na umri na jinsia yake. Kliniki wana michoro ya kulinganishia. Uzito ukizidi, asinyimwe chakula. Kwa kawaida hulengwa uzito utulie huku kimo kikipanda.